Jibu: Injini ya petroli ya Land Rover Series III iliyolala miaka 15 – pima kwanza, spea baadaye

Mkuu, nimekusoma. Una Series III fupi ya mwaka 1976 ya marehemu babu, imelala bandani Moshi miaka 15, injini ya petroli ya lita 2.25 haizunguki. Fundi wa kwanza kasema utupe injini uweke dizeli ya Toyota. Fundi wa pili kakupa orodha ya spea za kufuata Nairobi kabla hata hajafungua hedi (kichwa cha injini). Unauliza umsikilize nani. Najibu upande wa injini tu, bodi na chesisi wapo wanaozijua kuliko mimi.

Wote wawili wamekosea jambo lilelile: hakuna aliyepima. Injini hii ni chuma kitupu, bloku chuma na hedi chuma, na inaweza kulala miaka 15 ikaamka na ringi za pistoni na gasketi tu. Inaweza pia kuwa imepasuka bloku, hapo spea zote za Nairobi zitakuwa mapambo ya sebuleni. Huwezi kujua kwa kuitazama kwa nje.

Dizeli ya Toyota itaingia, hilo halina ubishi, na Arusha hii zipo nyingi zinazotembea hivyo. Ila jumlisha gharama yote: sahani ya kuungania gia boksi, maunti za kuchomelea, ekzosi, rejeta, na namba ya injini isiyolingana na iliyoko kwenye kadi. Kama ungetaka gari ya kubebea mawe ningesema weka. Wewe umeandika unataka ibaki kama ilivyotoka kiwandani, basi mjadala wa Toyota tuufunge.

Ijue kwanza injini yenyewe. Ujazo ni cc 2286, silinda nne, kipenyo cha silinda kikiwa kipya ni 90.47 mm na mwendo wa pistoni 88.9 mm. Silinda huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Hadi 1980 krenki yake (mhimili unaozungushwa na pistoni) ilikaa kwenye beringi tatu za mein, yaani beringi kuu, kuanzia hapo wakaweka tano. Gari yako ni ya 1976 kwa hiyo ilizaliwa na tatu, lakini katika miaka yote hiyo huenda mtu alishabadilisha injini. Usiamini kadi, fungua sampu (bakuli la oili la chini) uhesabu kepi, yaani vifuniko vya beringi hizo. Krenki, beringi za mein na hata nguvu ya kukaza havifanani, na hapa ndipo watu hurudi mpakani Namanga kufuata spea mara ya pili.

Kuiachia ilipogandia

Usiivute gari kwa trekta ukiwa umeingiza gia. Pistoni iliyoshikwa na kutu haijali kwamba una haraka, itakachopinda ni konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) au itapasuka ringi na kuchimba silinda. Toa plagi zote nne, mimina kila silinda kama mililita 50 za mchanganyiko wa oili ya gia boksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Ukikosa asetoni, dizeli na oili nyepesi zitafanya kazi polepole zaidi. Acha siku tatu, ongeza, acha tena. Kisha tumia ule mpini wa kuwashia kwa mbele, jaribu kuelekea mbele kidogo na nyuma kidogo, usirukie juu yake. Ikisogea hata nusu sentimita, umeshinda. Rudi nayo, mimina tena, endelea.

Ikikataa baada ya wiki mbili, toa hedi ukiwa bado na injini ndani ya gari. Mara nyingi utakuta silinda moja tu ndiyo iliyoshika, ile ambayo valvu yake ilibaki wazi na unyevu ukaingia. Gonga pistoni kwa kipande cha mti mgumu kilichochongwa kukaribia upana wa silinda, kamwe si kwa chuma.

Kufungua

Kamera ya simu ndiyo spana ya kwanza. Piga picha kila bomba, kila waya, kila bolti ndefu na fupi ilipokaa. Kwenye injini hii utakutana na nyuzi za bolti za vipimo vya inchi vya aina zaidi ya moja, na bolti ya milimita inayoonekana kuingia itaua uzi wa bloku. Weka bolti za kila sehemu kwenye kopo lake, andika kwa kalamu ya rangi.

Mambo manne ambayo mafundi wetu huyaruka wakati wa kufungua:

Kepi za mein na za konrodi zina namba, na kila moja irudi mahali pake na upande wake. Kama namba hazionekani, gonga vidoto kwa sindano ya chuma kabla hujalegeza. Kepi zilichongwa zikiwa zimefungwa kwenye bloku ileile, ukizichanganya tundu haliwi duara tena.

Tapeti (visukumio vya valvu) za injini hii zina rola. Kila moja ni rola, slaidi na kibebeo chake, na kibebeo kimeshikwa na bolti ya pembeni ya bloku iliyofungwa waya. Usivute kamshafti (mhimili unaofungua valvu) kabla ya kuzitoa hizo. Slaidi ina neno FRONT limegongwa, upande huo utazame mbele ya gari wakati wa kurudisha. Zipange kwenye kipande cha mbao chenye matundu manane, kwa namba.

Juu kabisa ya silinda kuna ukingo, pale ambapo ringi ya juu haifiki. Kama kucha inakwama, ukwangue kwa kifaa chake kabla ya kutoa pistoni, la sivyo utavunja pistoni ambayo pengine ingefaa. Na huu ukingo ndio sababu ya kutoweka ringi mpya kwenye silinda chakavu: ringi mpya ina kona kali, inagonga ukingo, inapasuka kabla hujafika Himo.

La nne ni vizibo vya mifereji ya oili kwenye bloku. Hivyo vitoke vyote. Nitarudi hapo.

Kupima

Sasa ndipo pesa yako inapoamuliwa. Unahitaji mikromita, geji ya kupima ndani ya silinda, fila geji (vibamba vya kupimia mwanya) na rula iliyonyooka kwelikweli. Kama huna, peleka bloku, krenki na hedi kwa mkerezaji mwenye vifaa. Mtaa wa Unga Limited pale Arusha wapo, Moshi pia wapo. Kaa naye anapopima. Mkerezaji anayesema "hii ichongwe" kwa kuipapasa kwa kidole, mshukuru uondoke.

Silinda ipimwe sehemu tatu, juu chini ya ukingo, katikati na chini, na kila sehemu mara mbili: kufuata urefu wa injini, kisha kukatisha. Uchakavu mkubwa huwa juu na kwa upande wa kukatisha, kwa sababu huko ndiko pistoni inakosukumwa wakati wa kuwaka. Tofauti ikikaribia robo milimita, hakuna mazungumzo, bloku inachongwa. Mimi napeleka hata ikiwa 0.18, maana kutoa injini mara mbili ni ghali kuliko kuchonga mara moja. Chini ya 0.10, na hakuna mikwaruzo wala mashimo ya kutu, unaweza kusugua kwa honi (mawe ya kusugulia silinda) na kuweka ringi mpya za saizi ileile. Kumbuka tu kusoma juu ya pistoni zilizomo. Zikiwa na 020 au 040 (elfu za inchi), bloku imeshachongwa huko nyuma, na ikiwa ni 040 hatua inayofuata ni slivu, yaani kuvisha silinda bomba jipya ndani.

Krenki ina saizi za kusaga za 010, 020, 030 na 040, yaani robo milimita, nusu milimita na kuendelea. Pima kila shingo pande mbili. Ikiwa imekuwa yai kwa zaidi ya 0.05 mm, au kucha inashika mkwaruzo, isagwe. Beringi za mein na za konrodi zinaweza kuwa saizi tofauti, haina neno, ila shingo zote za aina moja zisagwe saizi moja. Baada ya kusaga, midomo ya matundu ya oili ilainishwe. Mkerezaji akiacha kona kali hapo, itakwangua beringi mpya kama kisu.

Hedi ikaguliwe nyufa katikati ya valvu na kati ya tundu la valvu na la plagi. Kisha rula juu yake kwa urefu, upana na mshazari. Fila ya 0.10 mm ikipita popote, hedi inyooshwe kidogo tu. Kila unachoondoa kinapandisha mgandamizo.

Bloku yenyewe ijaribiwe kwa presha ya maji ikiwa unashuku. Magari yaliyolala na maji ya bomba ndani huwa na kutu iliyojazana nyuma kabisa, kuzunguka silinda ya 4. Fungua koki ya kumwagia maji pembeni ya bloku. Kama hakitoki kitu, haina maana hakuna maji, maana yake ni tope. Toa vizibo vya maji vyote, chokonoa kwa waya mgumu, suuza kwa presha mpaka maji yatoke meupe. Ndoo nzima ya tope la kutu si ajabu. Injini nyingi zinazosemwa "Land Rover huchemsha tu ndivyo zilivyo" zimebeba tope hilo tangu enzi za Nyerere.

Kununua

Baada ya vipimo ndipo uandike orodha. Kwa bloku iliyochongwa na krenki iliyosagwa: pistoni nne na ringi za saizi iliyoamuliwa, beringi za mein na za konrodi, washa za nusu duara za kuzuia krenki kwenda mbele na nyuma, bushi ndogo za konrodi, seti nzima ya gasketi, sili ya nyuma ya krenki pamoja na zile sili mbili za umbo la T, sili ya mbele, cheni ya taimingi na kikazio chake, valvu za ekzosi, bushi za valvu na sili zake, vizibo vya maji, hosi zote, na pampu ya maji kama ekseli inacheza.

Pistoni zinunuliwe KABLA bloku haijachongwa, halafu umkabidhi mkerezaji pistoni zenyewe. Najua nilisema usinunue kabla ya kupima. Sasa umepima, unajua saizi. Silinda inachongwa kufuata pistoni iliyopo mkononi, na nafasi inayotakiwa imeandikwa kwenye boksi au karatasi yake. Kuchonga "twenti" (020) kwa kukariri halafu pistoni zije baadaye ndiko kunakoleta injini inayoshika ikipata moto.

Nairobi utazipata, Gerezani Dar baadhi. Dukani fungua boksi, soma saizi nyuma ya beringi yenyewe, usiamini karatasi la nje. Cheni na kikazio cha bei ya kutupa usichukue. Gasketi ya hedi vilevile.

Usafi

Injini mpya nyingi zinazonoki ndani ya mwezi hazikuuawa na spea feki. Zimeuawa na unga wa kusagia uliobaki ndani. Honi inaacha chembe za jiwe zilizojikita kwenye chuma, na petroli haizitoi, inazisambaza tu. Kinachozitoa ni maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, kama unavyosugua sufuria ya ugali. Sugua silinda, suuza, pangusa kwa kitambaa cheupe chenye oili. Kitambaa kikitoka na kijivu, rudia. Mara nne, tano, ni kawaida. Kikitoka cheupe, paka oili palepale, maana chuma kilichosafishwa hivyo kinaanza kutu mbele ya macho yako.

Mifereji ya oili: ndiyo maana nilisema vizibo vyake vitoke. Pitisha brashi ndefu nyembamba kwenye mfereji mkuu toka mwanzo hadi mwisho, kisha maji ya moto, kisha hewa ya kompresa. Krenki nayo ina matundu ya kutoka kwenye mein hadi konrodi, tumia visafishio vya bomba au waya wenye kitambaa. Usiisahau njia ndogo inayopandisha oili kwenye roka (mikono inayobonyeza valvu). Ikiziba, utasikia roka zinalia wakati presha kwenye geji ni nzuri kabisa.

Halafu vumbi letu. Julai hadi Oktoba vumbi la Arusha ni laini kama unga na linakwangua kama msasa. Usiunge injini nje chini ya mwembe. Funga chumba, mwaga maji sakafuni, na kila unapoacha kazi funika bloku kwa mfuko safi wa nailoni.

Kuunga chini

Beringi ziingie kavu kwa nyuma, oili kwa mbele. Nyuma ya ganda la beringi kukiwa na unyuzi mmoja wa kitambaa, hapo patavimba na kuungua. Weka krenki, funga kepi na kipande cha plastigeji (uzi laini wa plastiki wa kupimia nafasi), kaza hadi mwisho, fungua, soma upana wake. Natafuta kati ya 0.025 na 0.06 mm. Usizungushe krenki plastigeji ikiwa ndani.

Nguvu za kukaza: kepi za mein kwa injini ya beringi tatu ni pauni-futi 85, yaani Nm 115. Ya beringi tano ni 100, Nm 136. Kwenye konrodi vitabu vya zamani vinasema 35 na vya baadaye 25, Nm 47 na 34, kulingana na konrodi na nati zake, kwa hiyo fuata kitabu cha namba ya injini yako, si cha rafiki yako. Nati za konrodi ziwe mpya. Kukaza kwa "mkono umezoea" tuwaachie wanaofunga matairi ya baiskeli.

Ukishakaza kila kepi, zungusha krenki kwa mkono. Ikianza kuwa nzito, kepi ya mwisho uliyokaza ndiyo yenye tatizo, itoe uitazame. Wengine hufunga zote ndipo wazungushe, kisha wanabaki kubahatisha. Mchezo wa krenki mbele na nyuma uwe 0.05 hadi 0.15 mm, na unarekebishwa kwa washa za nusu duara nene zaidi.

Kepi ya nyuma sasa. Hapa ndipo panapovuja kwenye Land Rover takriban zote unazoziona zikiacha doa barabarani. Sili mbili za umbo la T hukaa kwenye mifereji ya pembeni ya kepi, na wakati wa kuishusha kepi huwa zinajikunja au kukatwa na kona ya bloku. Kwanza lainisha kona hiyo ya bloku kwa faili ndogo, kidogo tu. Paka silikoni nyembamba kwenye sili, grisi kidogo pembeni, teremsha kepi taratibu na sawasawa. Acha ncha zitokeze chini ya milimita moja ili gasketi ya sampu izikandamize. Sili ya krenki yenyewe, mashikio yake mawili yakutane bila kuacha nafasi, na springi yake iungane mahali tofauti na mkato wa mpira. Silikoni isimwagwe kama siagi kwenye mkate: kinachobonyezwa nje unakiona, kinachobonyezwa ndani kinaenda kukaa kwenye kichujio cha pampu ya oili.

Ringi: ingiza kila moja ndani ya silinda yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima mwanya. Za juu ziwe 0.38 hadi 0.50 mm. Zikizidi kubana, ncha hukutana injini ikipata moto na ringi hukatika. Pini ya pistoni inaingia kwa ulaini ukiiloweka pistoni kwenye maji ya moto, usiigonge. Tundu dogo la kurusha oili kwenye konrodi lielekee upande wa kamshafti. Panga mianya ya ringi isifuatane.

Pampu ya oili ifunguliwe hata kama "ilikuwa nzima". Gia zikiwa na mikwaruzo mirefu au kifuniko kimechimbika, badilisha. Kabla ya kuifunga, ijaze vaselini katikati ya meno. Pampu kavu haivuti, inazunguka bure huku beringi zako mpya zikisaga bila oili.

Hedi

Valvu za kuingiza zina nyuzi 30, za ekzosi 45. Mwambie mkerezaji kwa mdomo na uandike kwa chaki kwenye hedi, kwa sababu mkono wa wengi umezoea kukata zote 45. Bushi za valvu zikibadilishwa, viti vikatwe upya baada yake, siyo kabla.

Injini hizi zilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, na risasi hiyo ililinda kiti cha valvu ya ekzosi. Vituo vyetu havina hiyo petroli tangu mwanzo wa 2006. Kama hedi yako iko wazi tayari, weka viti vigumu upande wa ekzosi na valvu nzuri, umemaliza. Ukiacha vya zamani, gari itatembea, ila nafasi ya tapeti itakuwa inapungua yenyewe na siku moja valvu itabaki wazi na kuungua. Ukigundua kila ukipima ekzosi imebana, ndiyo hiyo.

Bolti za hedi zioshwe, matundu yake kwenye bloku yakaushwe kwa hewa. Tundu lenye maji au oili linadanganya spana, na bolti ikisukuma maji hayo inaweza kupasua bloku. Kaza kwa mzunguko kuanzia katikati kwenda nje, hatua tatu: 30, 50, kisha 65 pauni-futi, ambayo ni Nm 88. Bolti ndogo za roka ni 18 tu, wengi huzikata hapa.

Taimingi na tapeti

Flaiwili ina alama EP. Alama hiyo ikiwa kwenye mshale, valvu ya ekzosi ya silinda ya 1 iwe imefunguka kabisa. Ndiyo njia ya kupanga kamshafti, na ni sahihi kuliko kubahatisha vidoto vya gia. Gia ya kamshafti ina njia za funguo zaidi ya moja, hivyo ukikosa kwa nusu jino, ihamishe funguo badala ya kuruka jino zima la cheni.

Nafasi ya tapeti zote, za kuingiza na za ekzosi, ni 0.25 mm, injini ikiwa ya moto au ya baridi. Hesabu rahisi ni jumla ya tisa: valvu ya 8 ikiwa chini kabisa, pima ya 1, ya 6 ikiwa chini, pima ya 3, ya 4 chini, ya 5, ya 7 chini, ya 2, na kinyume chake.

Mwanya wa platini (kikatio cha umeme ndani ya distribyuta) ni 0.35 hadi 0.40 mm, wa plagi 0.75 hadi 0.80. Kabureta kama ni Zenith, kifuniko chake cha juu hupinda na petroli hujimwagia ndani, gari inakula mafuta na kutoa moshi mweusi. Weka msasa laini juu ya kioo cha dirisha, suguza uso wake hadi uwe bapa, badilisha na ile ringi ndogo ya mpira ya ndani. Kichujio cha hewa cha oili kioshwe na kijazwe hadi mstari. Watu hukitupa kwa sababu ni cha kizamani, wakati kwa barabara zetu za vumbi hakijapata mshindani wa bei yake.

Maji

Thermostati ibaki. Najua fundi wako atataka kuitoa "ili isichemshe". Ikitolewa, sehemu ya maji hupita njia ya mkato kurudi kwenye pampu bila kwenda rejeta, na nyuma ya hedi ndiko kunakoungua. Kizibo cha rejeta kiwe cha pauni 9 na kinachoshika kweli. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka karibu nyuzi 95. Kizibo kizima kinayapeleka hadi karibu 111. Kizibo kibovu ukipanda Monduli, usilaumu injini. Kulanti (dawa ya rejeta) ichanganywe na maji ya mvua au ya kununua ya betri. Maji ya bomba ya huku tunajua yanachofanya kwenye meno, usiyape na rejeta.

Kuwasha

Oili ni 20W-50 ya kawaida ya madini, lita 6.25 na nyongeza ya filta. Siyo sinthetiki, ringi huenda zisikae. Toa plagi, piga stati kwa vipindi vya sekunde kumi mpaka taa ya oili izime au geji inyanyuke. Ikigoma baada ya vipindi sita, simama, tafuta sababu. Kisha plagi, na uwashe.

Mitandaoni utasoma kwamba lazima uiendeshe dakika 20 kwa mzunguko mkubwa ili kamshafti ikae. Ushauri huo ni wa injini zenye tapeti bapa. Yako ina rola, kamshafti haikuombi hilo. Ringi ndizo zinazokuomba mzigo. Kwa hiyo usiiache ikinguruma bandani saa nzima majirani wakishangaa. Ikishapata moto na hakuna kinachovuja, ingia barabarani. Moshi hadi Himo na kurudi inatosha: gia ya tatu, kanyaga kiasi, achia, kanyaga, achia. Mguu ukiachia, silinda huvuta oili juu na kuosha chembe. Marangu na mizigo iache kwanza. Presha ya oili ikiwa ya moto na gari inatembea itafutwe kati ya pauni 35 na 65.

Injini ikipoa, kaza hedi upya: legeza bolti moja kwa robo, irudishe 65, nenda inayofuata. Kisha tapeti zote upya, maana hedi imeshuka. Oili na filta vibadilishwe kwenye kilomita 500, na hedi tena karibu na 800.

Usishtuke na geji ya mgandamizo. Injini inayosoma pauni 150 Tanga itasoma kama 135 Moshi na 128 Arusha, hewa tu ni nyepesi. Cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda, isizidi asilimia kumi. Na nguvu utakayoikosa ukifika Arusha haitatoka kwa kuchonga hedi zaidi.

Anza na mchanganyiko kwenye silinda na picha ya kepi. Ukishazihesabu kama ni tatu au tano, ziweke hapa pamoja na namba zilizo juu ya pistoni.